Bei ya Shauku katika Jamhuri ya Hewala

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko karibu na kwenu. Ukiisoma ukaona inafanana na mahali unapopajua, kosa ni la macho yako. Yapeleke hospitali, kama hospitali yenyewe ina dawa. Inaitwa Jamhuri ya Hewala. Watu wake ni wapole. Wanalima, wanafua, wanauza karanga, na kila serikali yao inapowaambia jambo husema hewala. Ndiyo maana Mlezi wa Taifa ametawala miaka thelathini na mmoja bila kuumwa kichwa hata siku moja.

Kitu kimoja Wahewala wanakipenda kuliko wali: mchezo wa kuimba. Nazungumzia ule wa jukwaani, ambapo watu waliovaa makoti ya kuazima wanagombana kwa nyimbo, wanaoana kwa nyimbo, wanakufa kwa nyimbo, kisha wanafufuka kuinama mbele ya watazamaji, ngoma na zumari na kinanda vikiwa pembeni. Na mchezo huo una adabu yake. Katikati ya habari, mwimbaji mkuu hugeuka akawauliza watazamaji swali, na haendelei mpaka ajibiwe. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ni kama hodi. Mtu aliyelelewa hasukumi mlango wa watu kabla hajasikia karibu, na wala hajiitikii mwenyewe. Jibu lazima litoke kwa watu waliokuja kwa miguu yao na kwa hamu yao. Walioletwa hawahesabiki.

Sasa habari ya kiingilio. Nimeshauriwa mara nyingi niisahau, ati nitanenepa, lakini haisahauliki. Mwaka wa nzige, jumba la michezo lilikuwa turubai lililoitwa Banda la Watu, na kiingilio kilikuwa kipande kimoja cha kuni kwa ajili ya birika la kahawa. Mwenye vipande viwili aliingia na mgeni wake. Mwaka wa mvua ya mawe, serikali ikajenga kuta, ikaliita Ukumbi wa Wananchi, na kuni zikageuka shilingi. Mwaka ule sukari ilipokuja madukani ikiwa ya kijani, wakatandika zulia, wakaliita Jumba Kuu la Kitaifa la Utamaduni, na shilingi ikazaa nyingine ishirini. Nikajifunza jambo ambalo shuleni halifundishwi: jina la mahali likirefuka, mlango wake huwa mwembamba.

Jumba hilo lina viti mia nne. Mia tatu na themanini ni vya heshima, yaani vya mawaziri, manaibu wao, wake zao, wabeba mikoba wao, na wabeba mikoba wa wabeba mikoba. Hawa hawalipi, kwa kuwa kumtoza mheshimiwa ni kumvunjia heshima. Vilivyobaki ishirini ni vya umma, na umma wa viti ishirini ndio unaogharimia mia nne. Hesabu hiyo ilifanywa na mtaalamu aliyesomea ng'ambo, akapewa nishani.

Watu walipoanza kunung'unika kwamba kiingilio kimepanda, Waziri wa Burudani na Utulivu, Mheshimiwa Mbwembwe, alipanda jukwaani kuwatuliza. Huyu Mbwembwe namfahamu. Akiwa na miaka tisa alikuwa akipenya chini ya turubai la Banda la Watu bila hata kijiti cha kuni, na tulimwacha, maana mtoto hafukuzwi kwenye wimbo.

"Ndugu wananchi," alisema, "bei haijapanda. Bei ipo palepale. Wananchi ndio mmeshuka."

Waheshimiwa wakapiga makofi. Akaendelea kueleza maboresho. Kwanza, tiketi itanunuliwa peke yake na kiti peke yake, ili asiyependa kukaa asilazimishwe. Pili, kutakuwa na ada ya magoti kwa wanaotaka kiti chenye nafasi mbele. Tatu, kutakuwa na amana ya kicheko, ambayo mtazamaji atarudishiwa mlangoni akithibitisha kwamba hakucheka. Nne, kutakuwa na ada ndogo ya huduma ya kupokelewa ada.

"Na ambaye hana?" aliuliza mtu nyuma.

"Asiye na ada atalipa ada ya kutokuwa na ada," alisema Waziri kwa upole. "Serikali hii haimwachi mtu nje."

Watu wakasema hewala, wakaenda kulala.

*

Lakini boresho lililotikisa nchi ni la mwaka jana. Mtaalamu yuleyule wa ng'ambo aligundua kwamba kuuza tiketi kwa bei moja ni dhuluma, kwa sababu watu hawapendi mchezo kwa kiasi kimoja. Anayeupenda sana anapata raha zaidi, basi alipe zaidi. Ikapitishwa Bei ya Shauku. Kwenye dirisha la tiketi wakabandika picha sita za nyuso. Daraja la kwanza lilikuwa uso wa mtu asiyejali, kama anayesubiri zamu kwa kinyozi. La pili lilikuwa la mtu aliyeinua nyusi. Zikapanda hivyohivyo mpaka la sita, mwenye macho ya machozi. Daraja la saba halikuwa na picha. Liliandikwa tu: Jamaa wa Mwigizaji.

Kazi ya kulinganisha nyuso ilipewa karani wa dirisha, Bwana Tindo, kijana mwembamba asiyependa ugomvi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipima samaki wa serikali.

Wahewala ni wapole lakini si wajinga. Baada ya wiki moja foleni ya tiketi ilikuwa kama msafara wa wagonjwa wa malale. Watu walipiga miayo. Mmoja alikuja na mto wa kulalia. Mwingine alifika dirishani akauliza kama hapa ndipo wanapouza stempu. Akapewa bei ya daraja la kwanza, na hata hiyo ikamshinda. Kina mama walianza kuwafundisha watoto nyumbani: ukipenda kitu, kunja uso. Harusi zikawa kimya. Mashabiki wa mpira wakawa wanatazama goli likifungwa kama watu wanaotazama ndoo ikijaa.

*

Nyuma ya Jumba, bondeni, aliishi dobi mmoja aitwaye Mama Semeni. Pazia jekundu la jukwaani alilifua yeye kila baada ya miezi mitatu. Lilimfikia na vumbi la waheshimiwa, likarudi linanukia sabuni ya mche. Alilijua pazia lile uzi kwa uzi, lakini likifunguliwa kuna nini, hakuwa ameona tangu siku lilipotandikwa zulia.

Binti yake, Semeni, aliingia kundi la Jumba akiwa mfagizi. Alikuwa akifagia huku akiimba. Wakamweka safu ya nyuma ya waitikiaji, kisha ya mbele. Mwezi huohuo mwimbaji mkuu akaolewa na naibu waziri na kuacha kazi, na Semeni, mwenye miaka kumi na tisa, akapewa nafasi ya bibi harusi katika mchezo mpya, *Posa ya Ng'ombe Mia*. Ungechezwa mara moja tu, Jumamosi saa tisa alasiri, Siku ya Mlezi. Jumatatu kundi zima lilikuwa linapanda meli kwenda ng'ambo miezi kumi na minane, kuwaonyesha wageni jinsi Wahewala wanavyofurahi.

Kwa hiyo Mama Semeni alikuwa na Jumamosi moja ya kumwona mwanawe jukwaani, na baada ya hapo bahari.

"Si mlikuwa mnapewa tiketi mbili za jamaa?" alimuuliza binti.

"Zimeboreshwa, mama. Sasa zinakwenda kwa jamaa wa wizara."

Mama Semeni akafua. Alifua mashuka ya hoteli, makombati ya askari, suti za wabeba mikoba. Akakusanya bei ya daraja la pili na ziada kidogo. Siku ya Alhamisi akasindikizwa dirishani na shoga yake, Bi Chausiku, muuza mihogo ya kukaanga, mwanamke ambaye ulimi wake umewahi kumrudisha mtoza ushuru nyumbani kwake akalale.

"Uso, shoga," Bi Chausiku alimwambia wakiwa kwenye foleni. "Fikiria kitu kisicho na ladha. Fikiria hotuba."

"Nafikiria."

"Mbona bado unatabasamu? Fikiria hotuba ya bajeti."

Mama Semeni akafikiria hotuba ya bajeti. Uso ukalegea vizuri, ukawa kama unga uliomwagiwa maji. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo mama," alisema Bwana Tindo.

"Marahaba, baba."

"Unataka tiketi ya mchezo?"

"Aa, nilikuwa napita tu. Kwani kuna mchezo?"

Bi Chausiku nyuma yake akakohoa kwa kuridhika. Bwana Tindo akatazama picha, akatazama uso, akachukua kalamu. Daraja la kwanza, na pengine la pili kwa ajili ya nyusi. Hapo hapo, ndani ya Jumba, kundi likaanza mazoezi. Zumari ikalia mara mbili, na sauti moja ya kike ikapanda juu yake, nyembamba na safi.

Bwana Tindo akasimamisha kalamu. "Mama, mdomo wako."

"Umefanya nini?"

"Umefunguka. Hilo ni la nne." Akaangalia tena. "La tano. Mama, unalia?"

"Ni sabuni, baba. Mimi dobi."

"Sabuni iko daraja la sita." Akashusha sauti, maana alikuwa mtu wa huruma. "Huyo anayeimba unamfahamu?"

"Namfahamu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Bi Chausiku akamfinya. Mama Semeni akajikaza, akatazama chini. Lakini alikuwa hajazoea kusema uongo hata kwa serikali.

"Nilimzaa," akasema.

Bwana Tindo akaifunga kalamu. Bei ya daraja la saba ilikuwa sawa na kufua mashuka elfu moja na mia mbili, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

"Ungesema umemlea tu," alisema kwa masikitiko, "ningekuweka la sita."

*

Jumamosi, wakubwa wakaingia. Viti mia tatu na themanini vikajaa mapema, na kati ya vile ishirini vya umma, kumi na kimoja vikachukuliwa na madereva wa wakubwa kwa sababu za kiusalama. Tisa vikabaki vitupu. Hakuna mtu katika Jamhuri nzima aliyekuwa na uso wa kuvimudu. Mlezi wa Taifa akaketi kwenye kiti chake chenye mto wa hariri, Waziri Mbwembwe kulia kwake akiwa na kofia yenye unyoya.

Nje, kama watu mia sita walikuwa wamesimama kando ya ukuta, kama ilivyo desturi ya maskini: asiyeona husikiliza. Wizara ilikuwa imeliona hilo pia. Mkaguzi wa Masikio alikuwa akipita na kapu la pamba.

"Ada ya kusikia au pamba?" alikuwa akiuliza.

"Pamba bure?" aliuliza Bi Chausiku.

"Pamba nusu bei."

"Nipe ya sikio moja. Hili jingine lilishakufa kwa hotuba zenu."

Mama Semeni alinunua pamba ya masikio yote mawili, akaiweka, na Mkaguzi alipopinda kona akaitoa.

Mchezo ukaanza. *Posa ya Ng'ombe Mia* ni habari nyepesi. Mzee tajiri anamposa msichana kwa ng'ombe mia, wajomba wanakubali kwa haraka, na bibi harusi anavishwa dhahabu mpaka anashindwa kuinama. Kufika hapo ilichukua dakika ishirini. Ndipo Semeni, kwa mujibu wa adabu ya mchezo, akatembea mpaka ukingo wa jukwaa, akawageukia watazamaji, akaimba swali ambalo kila mtoto wa Hewala angejua kulijibu:

*Jamani niambieni, niolewe au nirudi kwetu?*

Ngoma ikanyamaza kungoja jibu.

Jumba nalo likanyamaza.

Msidhani walikuwa wakaidi. Miaka yote waliyokaa kwenye viti vile, jibu lilikuwa likitoka viti vya nyuma, kwa wale wanaolipa, na wao walikuwa wakilisikia kama mtu anavyosikia mvua. Hawakujifunza maneno wala mahali pa kuingilia. Isitoshe, mheshimiwa wa Hewala hasemi kabla mkubwa wake hajasema. Mbeba mkoba akamtazama naibu, naibu akamtazama waziri, mawaziri wote wakamtazama Mlezi. Mlezi naye husema yaliyoandikwa, na mwandishi wa hotuba zake alikuwa nje ukutani na pamba masikioni. Dirishani alikutwa na uso wa daraja la tano.

Semeni akaimba tena. *Jamani niambieni, niolewe au nirudi kwetu?*

"Anamuuliza nani?" Mlezi akanong'ona.

"Anauliza kwa ujumla, Mtukufu," alisema Waziri Mbwembwe.

"Basi ajibiwe."

Waziri akasimama, akakohoa, akavuta koti. "Binti," akasema, "suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."

Waheshimiwa wakapiga makofi. Pembeni ya jukwaa, mpiga ngoma, Mzee Ngulumbi, aliyepiga ngoma ile tangu enzi ya kuni, akainua macho, akayashusha, na hakugusa ngoma. Semeni akasubiri makofi yaishe. Akauliza mara ya tatu.

Ikaundwa kamati palepale kwenye mstari wa pili. Ikakaa robo saa, ikagawanyika katika kamati ndogo mbili, moja ya Kuolewa na nyingine ya Kurudi, zikakutana tena kwenye zulia na kuleta pendekezo: binti aolewe kwa muda wa majaribio, kisha tathmini ifanyike. Mzee Ngulumbi hakugusa ngoma.

"Kwa nini huyu mzee hapigi?" Waziri akafoka kwa sauti ya chini.

"Hodi haijaitikiwa," alisema Mzee Ngulumbi.

"Nimekuamuru."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Lakini ninyi mmeletwa na magari ya serikali. Nasubiri waliokuja."

Na kutoka haikuwezekana. Itifaki ya Hewala inasema Mlezi huondoka baada ya wimbo wa taifa, wimbo wa taifa hupigwa baada ya mchezo kwisha, na mchezo ungekwisha vipi bibi harusi akiwa bado ukingoni? Feni zilikuwa zimezimwa, kwa kuwa ada ya feni hulipwa na viti vya umma. Mlezi akaanza kulegeza vifungo.

*

Nje, Mama Semeni alikuwa amesikia yote. Mara ya nne sauti ya binti yake ilipopanda, ilitetemeka kidogo mwishoni, mahali ambapo mama peke yake angesikia. Mama Semeni akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Bi Chausiku akamziba kwa kiganja.

"Nyamaza."

"Ananiuliza," Mama Semeni alisema ndani ya kiganja.

"Anawauliza wao. Ukimjibu hapa ukutani, mzee atapiga ngoma, mchezo utakwisha, hawa watatoka na kofia zao, na mwanao Jumatatu yupo melini. Utakuwa umemsikia. Hukumwona."

"Anaaibika, Chausiku. Amesimama pale peke yake."

"Ana miguu ya nani?"

"Yangu."

"Miguu yako husimama kutwa kwenye beseni. Mwache asimame."

Mama Semeni akalia bila sauti. Bi Chausiku akawageukia wengine, neno likapita ukutani, watu wakitoleana pamba masikioni: hakuna kujibu. Watu mia sita wakafunga midomo. Na ninavyoijua historia ya Hewala, hiyo ndiyo siku ya kwanza taifa lile kuombwa kitu lisiseme hewala.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka Bwana Tindo.

"Jamani, samahanini. Nani anajua jibu la wimbo?"

Hakuna aliyemtazama. Mmoja akapiga mwayo. Mwingine akauliza kama kuna wimbo. Yule wa stempu akauliza habari ya stempu. Bwana Tindo alizitambua nyuso zile. Zote zilikuwa daraja la kwanza, mfano wa kuigwa. Akarudi ndani akaripoti kwamba wananchi hawana shauku.

Akatoka Waziri mwenyewe, Bwana Tindo nyuma yake. Kofia ilikuwa imelowa, na unyoya ulikuwa umelala kama mkia wa kuku aliyenyeshewa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imeamua kuwashirikisha. Mnaruhusiwa kuitikia. Bure kabisa."

Watu wakapiga miayo.

"Bi mkubwa," alimwambia Bi Chausiku, ambaye alikuwa amekalia ndoo yake ya mihogo, "wewe unaonekana mzee wa hapa. Waambie waitikie."

"Mheshimiwa, jibu tunalo," alisema Bi Chausiku. "Lakini siku hizi kila kitu kina bei yake. Unalitaka sana?"

"Hapana," Waziri alisema upesi. "Nilikuwa napita tu."

Bi Chausiku akamtazama usoni taratibu, kama anayechagua muhogo sokoni. "Basi bei ni mlango huu mmoja. Ufunguliwe, watu waingie."

"Mlango huu haufunguliwi kwa umma." Akafuta jasho.

"Umefuta jasho. Hilo ni la nne, si ndivyo, Bwana Tindo?"

Bwana Tindo, aliyekuwa mtu wa taratibu, akatazama. "La nne, bibi."

"Milango miwili."

"Mwanamke, unajua unaongea na nani?"

"Sauti imepanda," alisema Bwana Tindo kwa unyenyekevu. "La tano, Mheshimiwa. Samahani."

"Milango yote minne."

Waziri akazungusha macho akitafuta udhaifu, akamwona Mama Semeni. Uso wake ulikuwa wazi kama dirisha siku ya Idi. "Mbona huyu anataka sana kuingia?" akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Huyu ndiye anapaswa kulipa."

Bi Chausiku akavuta kanga, akamfunika shoga yake kichwa mpaka kidevu. "Huyu ana jino bovu. Endelea, Mheshimiwa."

Ndani, Semeni akauliza mara ya tano. Kisha ikasikika sauti nyingine, nzito na ya kuchoka, iliyozoeleka redioni kwa miaka thelathini na mmoja, ikiuliza Mbwembwe kaenda wapi.

Macho ya Waziri yakajaa maji.

"La sita," alisema Bwana Tindo.

"Milango yote na madirisha," alisema Bi Chausiku. "Na madaraja yale saba yatoke dirishani leo hii. Na kiingilio kirudi pale mtoto wa dobi anapofika. Unakumbuka palikuwa wapi, Mheshimiwa? Ulikuwa unapita chini."

Waziri Mbwembwe akatazama chini. Alikumbuka, naamini. Mtu anaweza kusahau bajeti nzima, lakini hasahau majani ya chini ya turubai yalivyokuwa yakimkwaruza tumbo.

"Hewala," akasema.

Ndani ya kanga Mama Semeni akasema kitu. Bi Chausiku akainama kusikiliza, akainuka.

"Na huyu wa jino anasema yeye hana haja ya kiti. Anataka pa kusimama ambapo hakuna kofia mbele."

Waziri akaivua kofia yake, akaikamata mkononi, akawatangulia.

*

Watu mia sita wakaingia kupitia milango minne na madirisha kumi na mawili. Viti tisa vikajaa watu thelathini. Waliobaki wakasimama kwenye zulia, wakakaa kwenye ngazi, wakawaomba manaibu mawaziri wasogeze magoti, na manaibu wakasogeza, maana hawakujua kama magoti yao yalikuwa yamelipiwa. Mkaguzi wa Masikio alijaribu kugawa pamba mlangoni, akajikuta amebebwa na umati mpaka mstari wa tatu, ambako alikaa na kuanza kufurahi. Mwandishi wa hotuba akamwona Mlezi, akajificha nyuma ya mwanamke mnene.

Mama Semeni akasukumwa kwa mabega ya watu, mkono kwa mkono, mpaka mbele kabisa, akawa ameegemea ukingo wa jukwaa. Akaiteremsha kanga mabegani.

Binti yake alikuwa amesimama hatua mbili juu yake. Dhahabu ya bati shingoni, wanja umechuruzika kidogo, mgongo umenyooka. Kitambaa cha gauni alikijua. Alikuwa amekipiga pasi mwenyewe bila kuambiwa ni cha nani. Kumbe kikivaliwa kilikuwa hivi. Semeni akatazama chini, akamwona mama yake, na hakutikisa hata ukope, maana alikuwa kazini. Mara ya sita akaimba, na safari hii sauti haikutetemeka:

*Jamani niambieni, niolewe au nirudi kwetu?*

Watu mia sita wakavuta pumzi pamoja. Mzee Ngulumbi akainua mikono juu ya ngoma. Lakini umati una adabu yake: mama wa bibi harusi akiwa mbele, yeye ndiye huanza. Wakamngoja.

Mama Semeni akashika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili.

"Jibu, shoga," Bi Chausiku akanong'ona nyuma yake. "Watu wanasubiri. Mlezi anasubiri."

"Nawe ngoja," alisema Mama Semeni bila kugeuza kichwa. "Kwanza nimtazame."

Mlezi wa Taifa akakunja mikono juu ya mapaja, akangoja.